Msituuzie kijani cha uongo

Binti wa kaunta kwenye mashine moja ya kukoboa mpunga hapa Ushetu alikatwa mshahara kwa sababu ya tarakimu tatu: 200. Hazijui, wala hana haja ya kuzijua. Aliona kishikwambi kimegeuka kijani na kuandika "Malipo yamekamilika", akamruhusu mteja apakie mchele wake kwenye bodaboda. Jioni mwenye mashine alipofunga hesabu, hela haikuwepo.

"Kaka, mimi nimeona kijani kwa macho yangu," aliniambia nilipoitwa kuangalia mfumo. Alikuwa anasema kweli. Kumbukumbu zilionyesha kwamba seva ya kampuni inayopitisha malipo ilijibu 200, yaani mambo safi, kisha chini yake, ndani ya maelezo, ikaandika kuwa muamala umeshindikana, salio halitoshi. Aliyetengeneza programu ya kaunta alisoma mstari wa juu akaishia hapo. Ana lawama zake. Lakini mwenye lawama kubwa ni yule aliyeandika mstari wa juu, na bosi aliyemkata binti hela angepaswa kumrudishia siku ileile.

Kazi yangu ni kuunganisha kaunta za wafanyabiashara wa huku na Kahama na malipo ya simu, kwa hiyo majibu haya nayasoma kutwa. Programu ikiuliza jambo kwa seva kupitia HTTP, utaratibu wa mawasiliano ya wavuti, jibu lazima lianze na namba. Utaratibu huo ulikuwa tayari kwenye waraka wa HTTP/1.0 wa mwaka 1996, na waraka unaotumika sasa, RFC 9110 wa Juni 2022, bado unaushikilia. Zinazoanza na 2 ni za heri. Zinazoanza na 4 zinasema kosa ni la muombaji, na zinazoanza na 5 zinasema kosa ni la seva yenyewe.

Hapo kwenye 4 na 5 ndipo hela za watu zinapopotea au kuokoka. Ukipewa 400, ombi lako lina kasoro, na kulirudia lilivyo ni kazi bure. Ukipewa 503, seva imelemewa au iko kwenye matengenezo, subiri, na inaweza hata kukutajia usubiri sekunde ngapi. 504 ndiyo ya kuogopa: seva ya katikati imengoja jibu kutoka nyuma, halikuja. Huwezi kujua kama mteja amekatwa au la. Siku ya mnada, mtandao unapokuwa mzito, programu isiyojua tofauti hii itabonyeza tena na tena, na mzee aliyeuza mbuzi wake asubuhi atalipia mabati mara mbili.

Kwa malipo ya simu mimi naipenda 202: nimepokea ombi, bado nalishughulikia. Ndivyo malipo yetu yalivyo. Kaunta inatuma ombi, simu ya mteja inaleta dirisha la kuweka namba ya siri, na jibu la kweli linakuja baadaye kwa njia nyingine. Daraja, mfumo wa Safaricom ya Kenya kwa watengenezaji programu, unatenganisha mambo hayo mawili: kwanza unakiri ombi limepokelewa, kisha unaleta matokeo yenye namba zake, kama 1032 mteja akighairi. Kupokelewa kwa ombi si kulipwa. Anayegeuza skrini kuwa kijani pale ombi linapopokelewa anagawa mali ya mwenzake.

Wapo wenzangu, na si wajinga, wanaosema HTTP ni mbebaji tu na habari za biashara zikae ndani ya bahasha. Mfano wao ni GraphQL, lugha ya kuulizia data iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, ambayo kwa kawaida hujibu 200 hata ndani mkiwa na makosa. Sawa, ila kati ya kaunta na seva kuna mitambo mingine mingi isiyofungua bahasha. Hata programu nyingi za kufuatilia afya ya mfumo zinahesabu namba za juu tu. Kila kitu kikijibiwa 200, fundi wa zamu aliyeko Dar es Salaam anaona grafu imetulia, huku kwetu Nyamilangano foleni imefika barabarani.

Sitagombana na mtu kuhusu namba ipi hasa inafaa salio lisipotosha. Ipo hata 402, malipo yanahitajika, ambayo waraka unaendelea kusema imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye! Atumie 400 au 422 akitaka. Asitume 200.

Nawaomba viongozi wa vyama vya msingi vya tumbaku na pamba, wenye mashine na watu wa halmashauri mnaonunua mifumo: msikubali kuonyeshwa malipo yaliyofanikiwa tu. Mwambieni muuzaji alipe mbele yenu kwa laini isiyo na salio. Aweke namba ya siri isiyo sahihi. Aghairi. Azime data katikati ya muamala. Skrini ikigeuka kijani hata mara moja, msimlipe awamu ya mwisho.