Picha Ina Mgongo

Nina ugomvi na gundi. Sisemi gundi ya fundi viatu wala ya seremala. Hizo zina kazi yake halali. Nasema gundi inayoingia sebuleni na kukamata picha za ukoo. Kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, na kufuata ufuko mpaka Liuli na Lituhi, ni nadra kukaribishwa nyumbani kwa mtu na kuonyeshwa albamu ambayo picha zake hazikugandishwa kama stempu kwenye bahasha. Mwenye nyumba husema kwa fahari, "Hizi hazitoki!" Nami nasema hapo ndipo ubaya ulipo.

Picha ina uso, tena ina mgongo. Uso huonyesha, lakini mgongo ndio unaosema. Wazee wetu walipotoka studio waliandika nyuma kwa mkono wao: jina, mwaka, "kumbukumbu kwa shemeji". Mpiga picha naye aligonga muhuri wake. Ukipaka gundi hapo umeziba kinywa. Hasara haionekani mara moja, maana bibi yupo na anawajua wote. Bibi akishafariki, wajukuu hufungua albamu na kuulizana, "Huyu nani?" Hakuna wa kujibu.

Kwetu jambo hili ni zito. Ukisoma habari za vita ya 1914 utaikuta Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ndipo meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani mwezi Agosti mwaka ule. Majina ya meli yamehifadhiwa. Je, wanakijiji waliosikia mzinga ule walikuwa akina nani? Wamisionari nao, Waanglikana wa Likoma na Wabenediktini walioanzisha Peramiho mwaka 1898, walipiga picha, na nyingi zimetunzwa Ulaya. Lakini katika picha za zama zile mara nyingi Mzungu ana jina, na Mwafrika aliyesimama kando yake ni "mwalimu" au "mpishi" tu. Kalamu haikuwa mikononi mwetu. Picha zilizomo makabatini mwetu tuliziandika wenyewe, kwa majina yetu. Leo tunayafuta wenyewe, kwa gundi ya dukani!

Tena gundi haiui mgongo peke yake. Uso wa picha umepakwa jelatini, kitu kitokanacho na ngozi na mifupa ya wanyama. Jelatini hunywa unyevu ikavimba, na hewa ikikauka husinyaa. Fikiri basi ukungu wa milima ya Umatengo na joto la ziwani wakati wa masika. Picha inataka kutanuka na kusinyaa, gundi imeishika. Matokeo yake ni kujikunja na kupasuka. Solusheni ya kuzibia pancha na gundi nyingine za mpira huwa na salfa, ambayo hushambulia madini ya fedha yaliyounda picha nyeusi na nyeupe, ikaacha madoa. Uji wa unga wa ngano ni mpole zaidi, na studio za karne ya 19 ziliutumia kubandika picha kwenye kadi. Lakini kwetu mende huufanya chakula. Kibaya zaidi ni albamu za kunata, zenye kurasa nene zilizopakwa gundi na kufunikwa nailoni, zilizoenea miaka ya 1970 hadi 1990. Zilipendwa kwa kuwa hazikudai ufundi. Miaka ikipita gundi yake huwa ya manjano, na ama hukauka ikaachia, ama hukaza isiachie kabisa.

Deni la haya yote hulipwa siku ya msiba. Katika ukoo wetu alifariki mama mmoja aliyekuwa na picha moja tu ya ujana wake, na mkanda wake ulikwishapotea. Vijana walitaka ikuzwe, iwekwe juu ya jeneza. Wakaivuta kutoka kwenye kadi. Ikachanika katikati ya uso. Jicho na shavu la kushoto vikabaki na gundi. Tulimzika bila picha.

Mtu atasema, bila gundi picha zitaanguka na watoto watazitawanya. La hasha. Kata pembe nne za bahasha nyeupe, bandika pembe hizo kwenye ukurasa, kisha chomeka picha ndani yake. Gundi imegusa bahasha, haikugusa picha. Utaitoa utakapo, uisome nyuma, uirudishe.

Mwingine atasema hizi ni zama za simu: piga picha ya picha, yakaisha. Piga, tena piga leo, hasa ile iliyokwisha kunata. Ipige ilivyo, usiivute. Lakini simu huona kinachoonekana tu. Mgongo ulioliwa na gundi hakuna simu itakayousoma. Na simu huibiwa, huzama ziwani, huharibika pamoja na vyote vilivyomo.

Picha ndogo za fomu za ofisini zibandikwe. Zilipigwa kwa ajili hiyo. Za ukoo ziachwe huru. Ziandikwe nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, na zile za rangi ambazo karatasi yake ya plastiki haishiki penseli, maneno yaandikwe kwenye ukurasa, chini ya picha. Anayeuza albamu za kunata ajue kwamba anawauzia watu usahaulifu. Na wewe mwenye bibi aliye hai, chukua penseli ukakae naye juma hili, kwa maana yeye ndiye mgongo wa picha zote zilizokwisha kuzibwa.