Marburg Kagera: Kirusi Kipimwe Wapi, Kikuzwe Wapi?

Mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliutangaza jijini Dodoma tarehe 20 Januari 2025, ulikwisha rasmi tarehe 13 Machi mwaka huohuo ukiwa umewapata watu 10, na wote walifariki dunia. Kati yao ni 2 tu waliothibitishwa kwa vipimo vya maabara. 8 waliosalia walihesabiwa kuwa wagonjwa wa kudhaniwa, kwa kuwa walikufa kabla ya mlipuko kuthibitishwa. Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kutangulia katika mjadala wa mahali panapofaa kuchunguzia vimelea hatari.

Hoja ya wanaotaka shughuli hizo zibaki katika maabara chache za mbali haiwezi kubezwa. Marburg yenyewe ilitambuliwa mwaka 1967 baada ya wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, iliyokuwa Yugoslavia, kuambukizwa na tumbili wa kijani waliosafirishwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua na 7 wakafa. Kutokana na mikasa ya namna hiyo, wataalamu hutenganisha usalama wa kibayolojia, yaani kuzuia ajali zinazoweza kumwambukiza mtumishi au jamii, na ulinzi wa kibayolojia, yaani kuzuia vimelea visiibwe wala kutumiwa kwa nia mbaya. Kila chumba kinachohifadhi kirusi hai huongeza mzigo wa yote mawili.

Hata hivyo, kupima si sawa na kukuza. Kipimo cha vinasaba hakihitaji kirusi hai: sampuli ya damu huchanganywa na kemikali inayoua kirusi lakini ikabakiza vinasaba vyake, kisha mashine huvitafuta. Kukuza kirusi, kwa upande mwingine, kunahitaji maabara ya daraja la nne la usalama, ambalo ni la juu kabisa, na barani Afrika maabara za daraja hilo ni chache mno. Wilaya za mpakani zinahitaji kazi ya kwanza, wala hazina haja ya ya pili.

Jiografia inaipa nguvu hoja hiyo. Popo wa matunda wanaohifadhi kirusi hiki hawajui mpaka, na wilaya ya Ngara, jirani ya Biharamulo, inapakana na Rwanda na Burundi. Kwenye daraja la Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, hupita malori ya njia ya Dar es Salaam na Kigali, na Rwanda ilikuwa na mlipuko wake wa Marburg kuanzia Septemba hadi Desemba 2024. Kwa kuwa mtu aliyeambukizwa anaweza kukaa siku 2 hadi 21 bila dalili, na homa yake ya mwanzo hufanana na malaria, kipimo cha joto mpakani hakiwezi kutosha. Sampuli inayosubiri kusafirishwa hadi Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 1,000, hata ikifungwa vyema katika chupa isiyovuja, chombo cha pili chenye kitu cha kufyonza na kasha gumu la nje, humwacha mgonjwa mikononi mwa ndugu na wauguzi wasiojua wanachokabili. Mwaka 2025 maabara inayohamishika ya Kabaile, mkoani Kagera, ndiyo iliyotoa jibu la awali, kisha Dar es Salaam ikalithibitisha. Mgawanyo huo wa kazi ndio unaofaa kuimarishwa.

Lakini mashine haitoshi pasipo taarifa ya wazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya tuhuma za ugonjwa huo tarehe 14 Januari, serikali ikasema majibu ya waliohisiwa hayakuonesha Marburg, na siku chache baadaye ikathibitisha. Kukosekana kwa kirusi katika sampuli za mwanzo si ushahidi kwamba hakipo kijijini, na kauli ya tahadhari isiyofunga mlango ingewafaa zaidi wananchi kuliko kanusho. Kinachostahili kufungiwa kwa kufuli ni kirusi hai. Majibu ya vipimo yanastahili kumfikia haraka anayemuuguza mgonjwa.