Kutoka Tanga hadi Pangani, Pasipo Haraka

Likizo za shule zikikaribia, wazazi wengi wa Tanga huulizana ni lini watavuka kwenda Unguja, au ni nani atakayewapokea watoto Dar es Salaam. Wenye uwezo huitaja Dubai. Hayo hayana ubaya. La kushangaza ni kwamba mtoto wa Ngamiani aweza kukutajia jengo refu kuliko yote duniani, wala asijue kilichopo Tongoni, kilomita zisizozidi 20 kutoka kwao.

Barabara ya Pangani ni mwendo wa kilomita 50 hivi. Kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na makorongo. Abiria alifika amechoka, lakini kila kijiji alikiona. Lami tunaishukuru, maana mgonjwa anayekimbizwa hospitali hana haja na mandhari. Hata hivyo, lami humpitisha mtu. Basi shukeni garini.

Upande huo wa kusini mwa mji ndiko kuliko Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Mbele kidogo ni Tongoni penyewe: gofu la msikiti wa karne nyingi na makaburi zaidi ya 40, mengine yaliyojengewa nguzo. Nguzo nyingi zimeanguka. Katika zile za kale mlipachikwa mabakuli ya kigeni. Mabakuli hayapo tena, vimebaki vishimo. Waacheni watoto waulize yalikwenda wapi. Wafundisheni pia kuwatolea salamu waliolala hapo na kutokanyaga makaburi, kwa kuwa hawa ni Waislamu wenzetu, si maonyesho. Qibla bado chaonekana.

Maji ya mwambao huu ndiyo Vasco da Gama alimoiacha na kuichoma merikebu yake São Rafael mwaka 1499. Ndimo pia wavuvi wanamonasa silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za kale kabisa, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938.

Pangani yataka muda zaidi. Watoto watasimuliwa habari za Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani tangu 1888 na akanyongwa papo hapo mjini Desemba 1889. Ni habari ya ushujaa, na yafaa isimuliwe. Lakini isimuliwe nzima. Mashamba ya miwa kandokando ya mto yalilimwa na watumwa, na Abushiri mwenyewe alikuwa mwenye shamba. Misafara ya pembe na ya watu ilishukia hapa, na miongoni mwa wafanyabiashara walikuwamo walioswali safu moja na babu zetu. Mzazi anayelificha hilo atamwachia mwanawe alisikie kwa mtu mwingine, kwa namna asiyoipenda. Kizazi kilichosimuliwa haya na waliokuwapo kimekwisha. Waliopo ni wajukuu wa wasimulizi, nao ni wazee sasa.

Kwa wanaouliza: masafa haya hayafikii ya kupunguza Sala kwa madhhabu ya Shafi'i, yanayohesabiwa kuwa zaidi ya kilomita 80. Adhuhuri itaswaliwa kamili, na ni vizuri iswaliwe Pangani, kwa jamaa, kwani mgeni aliyeonekana msikitini hupata mwenyeji bila kutafuta. Chakula hakina shida palipo na samaki na nazi. Chukueni maji ya kutosha na kofia za watoto. Jua la Tongoni halina kivuli kingi.

Baada ya Alasiri vukeni kwa kivuko hadi Bweni, msubiri kidogo ng'ambo. Kutoka huko mji wote huonekana kwa mara moja: minazi, mapaa ya mabati yenye kutu, majengo ya kale yaliyoelekea mto. Kisha warudisheni watoto upande wa mji mapema, wakati wazee wangali barazani.