Leza na Goti Lililosagika: Madai Yanayohitaji Majibu

"Leza hurudisha ute wa goti uliokauka." Dai hili kuhusu tiba ya mwanga wa leza ndilo linalowavuta wengi, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Goti lililosagika mara nyingi halijakauka. Likivimba huwa limejaa maji kuliko kawaida, na daktari huweza kuyavuta kwa sindano. Kilicholika ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana hujitengeneza upya kwa shida sana, na hakuna mwanga uliothibitishwa kuliotesha katika goti la binadamu. Anayemwahidi bibi wa miaka 70 goti jipya anachukua fedha zake bure.

"Joto likizidi, tiba inaingia ndani zaidi." Sivyo. Leza hafifu haitoi joto la kuhisika. Leza yenye nguvu kubwa ndiyo hupasha. Nayo leza ya kaboni dioksidi, yenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, inayotumika China badala ya kufukiza majani yanayowaka karibu na ngozi, humezwa na maji ya ngozi kabla haijafika hata milimita moja ndani. Joto hilo hulegeza misuli iliyokaza, kama kitambaa cha maji ya moto kinavyofanya. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asikubali kuambiwa avumilie, maana anaweza kuungua asijue.

"Ni utapeli mtupu." Hapo pia nakataa. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la BMJ Open yalikusanya majaribio 22 yenye wagonjwa 1,063. Leza hafifu ilipunguza maumivu kwa takriban alama 14 kati ya 100 kuliko leza bandia. Si haba kwa mtu anayekesha kwa maumivu. Lakini mwaka 2022 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilishauri leza isitolewe kwa ugonjwa huu wa goti kusagika kwa kuwa ushahidi hautoshi. Kwa maoni yangu, nafuu inawezekana, ila bado si ya kumfanya mtu auze mbuzi.

"Ukishapigwa leza, mazoezi ya nini?" Dai hili linaniuma kuliko yote. Mtazame mama mwenye goti bovu akiinuka kitini: anajisukuma kwa mikono, anasita, anashika meza, ndipo anapiga hatua. Msuli wa mbele ya paja umeishiwa nguvu, na mwanga haujengi msuli. Kuinuka na kuketi bila kushika kitu, kidogo kidogo kila siku, ndiko kunakoujenga. Uzito nao una sehemu yake: utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo 1 inayopungua mwilini hupunguza mzigo wa goti kwa takriban kilo 4 katika kila hatua. Leza ikitumika, kazi yake iwe kutuliza maumivu ili mazoezi yawezekane.

Kabla ya kulipa, omba upimwe: inuka kitini, tembea mita 3, geuka, rudi, keti, na sekunde ziandikwe. Baada ya wiki kadhaa pima tena kwa kiti kilekile. Zisipopungua, usiendelee kulipia.