Pikipiki za umeme: Bodaboda wasiuziwe mbuzi kwenye gunia

BEI ya petroli inapopanda, miongoni mwa wanaoumia kwanza ni dereva wa bodaboda. Hujaza tangi asubuhi kabla hajampata abiria, na jioni hesabu ya mwenye pikipiki inamsubiri palepale. Si ajabu, basi, kwamba habari za pikipiki na skuta za umeme zimepokewa kwa hamu katika miji ya Afrika Mashariki.

Serikali nazo hazikukaa kimya. Septemba 2023, Rais William Ruto wa Kenya alizindua mjini Mombasa mpango wa kitaifa wa kueneza pikipiki za umeme. Rwanda ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zitakazosajiliwa jijini Kigali ziwe za umeme. Kwa upande wa Tanzania, Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, linatupa sababu ya kulifikiria jambo hili kwa uzito.

Kihesabu, faida ipo. Pikipiki ya kawaida ya cc 150 hunywa lita mbili na ushei kwa kilomita 100. Ya umeme, kwa mwendo huohuo, huhitaji takriban uniti nne. Aidha, haina oili ya injini ya kumwaga, haina plagi, kabureta wala klachi. Kinachobaki kutazamwa ni breki, tairi, beringi na nyaya.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo muuzaji hayasemi dukani, nayo karibu yote yanahusu betri. Betri ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko nyingine yoyote katika chombo hiki, na ndiyo inayochakaa kwa uhakika. Skuta nyingi za bei rahisi hufungwa betri za risasi, ambazo ni nzito na huanza kulegea baada ya kuchajiwa mara mia chache. Betri nzuri za lithiamu huweza kuchajiwa zaidi ya mara 1,000 kabla ya kupungua nguvu kwa kiasi cha kuonekana. Kwa bodaboda anayechaji kila siku, tofauti hiyo ni ya miaka. Mnunuzi asiyeuliza aina ya betri ananunua mbuzi kwenye gunia.

Ili kupunguza bei ya kuanzia, kampuni kadhaa katika ukanda huu zimebuni njia nyingine. Dereva ananunua au kukopeshwa pikipiki, lakini betri inabaki mali ya kampuni. Inapoisha, anaingia kituoni, anaiacha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache. Utaratibu huu una manufaa ya kweli, kwa kuwa mzigo wa betri kuchakaa unabebwa na mwenye mtaji na si na kijana wa kijiweni.

Lakini una upande wa pili. Kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine. Dereva amefungwa kwa muuzaji mmoja wa nishati, na bei ikipandishwa hana pa kukimbilia, tofauti na petroli inayouzwa katika kila kituo. Na je, kampuni ikifilisika?

Swali hilo si la kufikirika. Julai 2023 kampuni ya Uholanzi ya VanMoof, iliyouza baiskeli za umeme zinazofunguliwa kwa programu ya simu, ilitangazwa kufilisika. Wamiliki walihaha kuhifadhi funguo zao za kidijitali wakihofia kwamba kompyuta za kampuni zikizimwa, baiskeli walizozilipia zingekwama. Kampuni ilipata mnunuzi baadaye, lakini funzo lilibaki.

Yupo pia fundi wa mtaani. Huyu ndiye aliyezifanya pikipiki za petroli ziwe za wananchi, kwa sababu vipuri vyake vipo hadi kijijini na maarifa yake hurithishwa gerejini. Pikipiki ya umeme inamkuta mikono mitupu, kwani mtambo unaoongoza mota mara nyingi hauchunguziki bila programu ya mtengenezaji. Akilazimika kubahatisha, hatari ni kubwa. Jijini New York, mwaka 2023 pekee, betri za lithiamu zilihusishwa na moto mara 268 na vifo vya watu 18. Miongoni mwa vyanzo vilivyolaumiwa ni betri zilizoungwaungwa na chaja zisizolingana nazo.

Ulaya imechagua kutunga sheria. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka, kuanzia Februari 2027, betri za vyombo vidogo kama skuta na baiskeli za umeme ziweze kutolewa na kubadilishwa na fundi yeyote mwenye ujuzi, na zipatikane kama vipuri kwa walau miaka mitano baada ya chombo cha mwisho cha aina hiyo kuingizwa sokoni.

Nasi hatuna sababu ya kusubiri vyombo vijae mitaani ndipo tuanze kutafuta kanuni. Shirika la Viwango liweke masharti ya betri na chaja. VETA iwafundishe mafundi waliopo badala ya kuwaacha wafe njaa. Mikataba ya kukodisha betri nayo ieleze bayana nini kitatokea bei ikibadilika au kampuni ikifungwa.

Kwa sasa, mnunuzi na ajilinde mwenyewe. Aulize betri ni ya nani, ni ya aina gani, na dhamana yake ni ya miaka mingapi. Aulize vipuri viko wapi. Akishanunua, atumie chaja ya chombo hicho tu, aiache betri ipoe kabla ya kuichaji, na asiichaji chumbani usiku akiwa amelala.

Umeme unaweza kumpunguzia bodaboda mzigo wa petroli. Itakuwa hasara, basi, kumtoa katika utumwa wa pampu na kumkabidhi kwa bwana mwingine.