Nyumba si viatu: acheni "bei njoo inboksi"

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na programu ili niseme la moyoni kuhusu nyumba zinazouzwa Facebook, Instagram, TikTok na kwenye status za WhatsApp.

Kila jioni nikifungua simu naona nyumba za Syokimau, Ruaka, Kitengela, mpaka Nyali. Video safi, muziki mtamu, jikoni linang'aa. Ukitafuta bei unaambiwa "njoo inboksi". Ukitafuta mahali unaambiwa "dakika tano kutoka lami". (Kwa miguu, kwa boda au kwa helikopta? Hawasemi!) Msimamo wangu ni huu: mitandao ya kijamii ni mahali pazuri pa kuonyesha nyumba, lakini muuzaji mwaminifu anayeficha bei na habari za umiliki anafanana na tapeli, na hasara ni yake.

Najua kwa nini bei inafichwa. Kila anayeandika "bei?" chini ya posti anaipa algoridhimu ishara kwamba posti ina watu, nayo inasukumwa mbele. Kwa kutafuta macho, mbinu hiyo inafanya kazi, sikatai. Lakini watu 300 wanaouliza bei si wanunuzi 300. Chukua nyumba ya shilingi 8,000,000 mjini. Ushuru wa stempu kwa kawaida ni asilimia 4, yaani shilingi 320,000, na wakili bado hajalipwa. Mtu mwenye pesa hizo ana hesabu zake tayari. Ukimnyima bei anapita, na unabaki na sisi tunaopenda kutazama majumba!

Tatizo la pili ni la kiufundi. Posti haikai. Status ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, ilhali nyumba inaweza kukaa sokoni miezi mingi. Kiungo ukikiweka kwenye maelezo ya picha Instagram, hakibonyezeki. Mwaka jana dalali mmoja aliniomba nimsaidie, maana alikuwa akijibu maswali yale yale kutwa. Nilimtengenezea ukurasa mmoja kwa kila nyumba: bei, ukubwa kwa mita za mraba, maji yanatoka wapi, ada ya huduma ya kila mwezi, na aina ya hati. Kisha nikaongeza vijistari vya Open Graph, utaratibu ulioletwa na Facebook mwaka 2010, ambao ndio hufanya kiungo kitokee na picha na kichwa kikibandikwa WhatsApp. Bei tukaiweka hapo hapo kwenye kichwa. Ujumbe ukapungua, lakini waliobaki walikuwa wanauliza, "Naweza kuja kuiona Jumamosi?" Hao ndio wateja.

Sasa tuje kwenye jambo zito, yaani umiliki. Mwezi wa Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali. Mnunuzi alikuwa na hati mkononi, lakini mahakama ikasema hati peke yake haitoshi. Lazima ardhi iwe ilipatikana kihalali tangu mwanzo wake. Kiwanja kilionekana kuwa ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha utaratibu, na mnunuzi akashindwa. Hakuna video ya TikTok inayoweza kukuonyesha hilo.

Tapeli huchukua sekunde chache tu kunakili picha zako, akaweka namba yake ya simu na kudai "deposit" haraka. Fikiria Mkenya aliye Doha au Boston, anayetaka kununulia wazazi nyumba na hawezi kufika mwenyewe. Akiona posti yako isiyo na bei, mahali wala jina la wakala, na ya tapeli isiyo na hivyo hivyo, atazitofautishaje?

Sisemi ubandike namba ya hati hadharani. Sema tu kwamba utampa mnunuzi au wakili wake akathibitishe kwenye rejista ya ardhi. Tangu Aprili 2021 tuna Ardhisasa, iliyoanzia Nairobi. Kama wewe ni wakala, andika namba yako ya usajili, kwa sababu Sheria ya Mawakala wa Nyumba (Sura ya 533) inataka usajiliwe.

Wengine wataniambia mwenye nyumba hataki majirani wajue bei. Sawa, andika "kuanzia milioni 7.5" na mnunuzi ajue kama aendelee au arudi nyumbani. Wengine wataogopa washindani. Mshindani akitaka bei yako ataipata kwa kujifanya mteja. Anayezuiwa kweli ni mteja.

Kwa hiyo endeleeni na video na muziki, ila kila posti imfikishe mtu kwenye ukurasa wenye majibu. Na wewe unayenunua, ukiandikiwa "njoo inboksi", nenda ukaulize maswali mawili tu: bei ni ngapi, na wakili wangu aangalie hati gani? Asiyejibu yote mawili, achana naye.

Wewe waonaje? Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.