Marufuku Ndiyo Iliyotoka Ulaya

Kuna kauli moja ambayo huku mkoani Lualaba, nchini Kongo, humaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Mwanamke akisimama katika mkutano wa mtaa Kolwezi, au mbele ya wazee Sandoa, akataka dawa za kupanga uzazi zipatikane kwenye kituo cha afya, au akauliza kwa nini binti aliyebakwa alazimishwe kuzaa, hujibiwa kwamba hayo ni mambo ya wazungu. Hoja yake haijibiwi tena. Yeye mwenyewe ameshageuzwa kibaraka. Kauli hiyo inapendwa kwa sababu inampa msemaji sifa mbili kwa mpigo: huonekana mlinzi wa mila na papo hapo adui wa ukoloni. Ninadai hastahili hata moja. Ukiifuata historia ya nchi hii ya shaba utakuta kwamba kilicholetwa na mgeni ni ule mkono wa kumwamulia mwanamke azae lini na mara ngapi, na kwamba wanawake wanaoupinga leo wanamaliza kazi ambayo uhuru wa 1960 uliiacha kiporo.

Tuanze na kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga. Miaka ya mwanzo kampuni hiyo iliandika wanaume kwa mikataba mifupi, wakaja bila wake zao, wengi wakafa kwa maradhi na wengi wakatoroka. Kuwafuata wapya kila mara, hadi Ruanda-Urundi, kuligharimu fedha nyingi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 sera ikageuka: mikataba ya miaka mitatu, nyumba za familia, posho ya mke na ya kila mtoto, materniti, na kliniki za kuwapima watoto. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wasimamizi wakuu wa sera hiyo, hakuficha lengo lake. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa kambini angekuwa kesho mfanyakazi asiyehitaji kutafutwa mbali. Watoto wengi walipona kwa dawa na chakula cha kambi hizo, na hilo halikanushiki. Lakini mimba za wake wa wafanyakazi ziliingia katika hesabu za kampuni pamoja na tani za shaba, na hakuna aliyewauliza wao.

Kuna jambo jingine ambalo walinzi wetu wa mila hawalitaji. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika utafiti alioutoa mwaka 1988, alionyesha jinsi Wabelgiji walivyosumbuliwa na desturi za Wakongo za kunyonyesha kwa miaka miwili au mitatu huku mume na mke wakikaa mbalimbali. Waliona desturi hizo zinachelewesha mimba inayofuata, wakahimiza maziwa ya kopo na uji wa kliniki ili mtoto aachishwe mapema. Yaani kuachanisha watoto, ambako leo tunaambiwa kumeletwa na wazungu, wazungu walikukuta hapa, na walijitahidi kukuvunja. Bibi zetu walikuwa na mpango wa uzazi. Kilichokosekana kwao ni dawa inayoweza kuulinda mpango huo pale mume anapokataa kungoja.

Sheria nayo ilifuata njia hiyohiyo. Kanuni ya adhabu ya Kongo inatokana na amri ya tarehe 30 Januari 1940, enzi ambayo hakuna Mkongo aliyepigia kura chochote. Kifungu cha 165 kinamtishia anayemtoa mwanamke mimba kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, na cha 166 kinamtishia mwanamke mwenyewe kwa miaka 5 hadi 10. Sheria za enzi hiyo ziliharamisha pia kutangaza na kuuza vizuia mimba. Ubelgiji wenyewe ulilegeza sheria yake ya kutoa mimba mwezi Aprili 1990, katika kisa cha ajabu kidogo: mfalme Baudouin, yuleyule aliyetukabidhi uhuru Léopoldville tarehe 30 Juni 1960, alitangazwa kuwa hawezi kutawala kwa muda mfupi ili sheria ipite bila saini yake. Mwenye nyumba amebadili kufuli, sisi bado tunalinda ufunguo wa zamani na kuuita urithi wa mababu. Hata Mobutu hakuiona hivyo. Mwaka 1972, uleule aliowalazimisha watu kuacha majina ya Kikristo kwa ajili ya uasili wa Kiafrika, alitangaza sera ya uzazi unaotakiwa, na mwaka uliofuata kamati ya taifa ya kuisimamia ikaundwa. Simtaji Mobutu kama mwalimu wa haki. Namtaja kwa sababu hakuna aliyepiga kelele za uasili kumshinda, na yeye hakuona mgongano wowote.

Hati inayotumiwa na wanawake wa Kongo leo haikuandikwa Brussels. Ni Itifaki ya Maputo, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwezi Julai 2003, ambayo kifungu chake cha 14 kinaruhusu mimba kutolewa kitabibu pale ilipotokana na ubakaji au kujamiiana kwa maharimu, au inapohatarisha afya ya akili na mwili ya mama, au maisha yake au ya mtoto aliye tumboni. Kenya na Uganda ziliweka pingamizi juu ya kipengele hicho, Kongo haikuweka. Hata hivyo hati hiyo ilikaa miaka mingi bila kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na bila kuchapishwa haikuwa na nguvu mahakamani. Waliosukuma hadi ikachapishwa mwezi Machi 2018 ni mashirika ya Kikongo, mengi yakiongozwa na wanawake, likiwamo Afia Mama la Anny Modi huko Kinshasa. Baada ya hapo Baraza Kuu la Mahakama likawaandikia mahakimu, na mwaka 2020 wizara ya afya ikatoa mwongozo kwa waganga. Kifungu cha 215 cha Katiba kinaupa mkataba uliochapishwa nguvu kuliko sheria ya kawaida. Muuguzi wa kijijini anayemfukuza binti aliyebakwa kwa kuogopa amri ya 1940 anatii amri iliyokwisha kushindwa, na mara nyingi hakuna aliyemwambia hivyo.

Wapo watakaosema: yote sawa, lakini lengo la mashirika haya ni kutupunguza Waafrika. Hofu hiyo si ya kipuuzi na haifai kuchekwa. Katika kisiwa cha Puerto Rico, chini ya utawala wa Marekani, kufikia mwaka 1965 karibu theluthi moja ya wanawake waliowahi kuolewa walikuwa wamefungwa kizazi, wengi bila kuelezwa vizuri kwamba hakuna kurudi nyuma. Lakini tazama nani alipambana na hilo. Daktari Helen Rodríguez-Trías, mwenye asili ya kisiwa hicho, alikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha katika miaka ya 1970 kamati ya kupinga ufungaji wa kizazi kwa hila, hadi serikali ya Marekani ikalazimika kuweka muda wa kusubiri na ridhaa inayotolewa kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Kule dola haikutaka wanawake wale wazae; huku kampuni ilitaka wazae zaidi. Dai la wanawake lilikuwa lilelile. Ukiogopa kupunguzwa, basi kinga yako ni mwanamke mwenye sauti kliniki, na kumnyamazisha kunamwachia nafasi yuleyule unayemwogopa.

Wengine hukimbilia mila ya Walunda, na hapo Sandoa ina la kusema. Masimulizi ya asili ya dola ya Mwant Yav yanamweka mwanamke, Ruwej, akiwa ndiye mwenye lukano, bangili ya utawala. Ni kweli masimulizi hayohayo yanasema lukano ilipita kwa mumewe Chibinda Ilunga alipokuwa ametengwa kwa ajili ya hedhi, sitaki kuyapamba. Lakini yanasema pia kwamba Ruwej hakuzaa, mrithi akazaliwa na mwanamke mwingine, na hata hivyo cheo cha Swana Mulunda, mama wa Walunda, kimetoka kwake. Anayetaka kuthibitisha kwa mila kwamba thamani ya mwanamke ni idadi ya watoto aanze kwa kumweleza yeye.

Kosa kubwa zaidi la kauli ile, hata hivyo, ni kudhani kwamba suala zima ni vidonge na sindano. Wanawake weusi wa Marekani waliokutana Chicago mwaka 1994 walidai haki tatu pamoja: kuzaa, kutozaa, na kulea mtoto mahali salama. Kolwezi inagusa ya kwanza na ya tatu kila siku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walichapisha mwaka 2020 utafiti uliofanywa Lubumbashi, uliokuta kwamba watoto ambao baba zao walifanya kazi za migodi walikuwa na uwezekano wa kuzaliwa na kasoro zaidi ya mara 5 kuliko wengine. Idadi ya waliochunguzwa ilikuwa ndogo, na makadirio yana upana mkubwa. Mwaka 2024 mashirika ya RAID na AFREWATCH yalihoji watu 144 katika vijiji na miji 25 kuzunguka migodi. Asilimia 56 walisema uchafuzi unadhuru afya ya uzazi ya wanawake na wasichana, kuanzia hedhi iliyovurugika hadi mimba kuharibika. Hayo ni maneno ya wahojiwa, si vipimo vya maabara, lakini yanatosha kudai vipimo. Serikali nayo ilifanya nini? Agizo la mwaka 2012 kuhusu machimbo lilihesabu kuwapo kwa mwanamke mjamzito kuwa dosari ya eneo. Ni rahisi kumfukuza mama anayeosha mawe kuliko kuyasafisha maji anayosimama ndani yake. Mtawa Mkenya Catherine Mutindi, aliyepewa tuzo ya Opus mwaka 2019, na wenzake wa Bon Pasteur pale Kolwezi wamewapa wanawake hao mashamba na ushonaji. Hahubiri vidonge, na simhusishi na mjadala huo. Lakini ile haki ya tatu anaifanyia kazi.

Inabaki hoja ya fedha: mashirika haya yanalipwa na wageni. Mengi yanalipwa, ndiyo, na mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la USAID tuliona hatari ya kutegemea mfuko wa mwingine. Ila kobalti inachimbwa kwa fedha za nani? Hakuna anayeuita mgodi mambo ya wazungu, au ya Wachina, siku ya kupokea mrabaha. Sheria ya madini ya 2018 inaupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha huo na eneo lenye mgodi asilimia 15, na inataka kila kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Sandoa, iliyo nje ya mkanda wa migodi, haioni ile 15 wala ile 0.3; inategemea asilimia 25 za mkoa, ingawa vijana wake wanashuka Kolwezi kuchimba na kurudi na chochote walichokipata mwilini. Bajeti ya mkoa ingeanza kwa kutenga sehemu ya fungu hilo kwa materniti za Sandoa, Kapanga na Dilolo, dawa za kupanga uzazi na huduma kwa waliobakwa zikiwamo, na kwa vipimo vya damu na maji ambavyo wanawake wa Kolwezi wanavidai. Wabunge wa mkoa wanaoipigia kura bajeti hiyo wanaishi kwa mshahara uliotoka katika shaba hiyohiyo.